Mshiriki wa Thelathini

Tangu Jumanne ile, Jepleting hakuweza kukatiza mtaa wa Bondeni bila kusifiwa. Fundi viatu wa pale kona aliinuka kwenye kigoda chake, mtu ambaye hata askari wa kaunti hawajawahi kumwinua. Mama wa vibanzi alimfungia vibanzi vya bure, akamwongezea pilipili ambayo hakuomba. Vijana wa bodaboda, waliokuwa wamemwita Slim kwa miaka mitatu, walianza kumwita Dokta, tena bila kucheka.

"Lakini ulijuaje?" kila mmoja alimuuliza. "Sisi wote tulisema ni kifafa. Wewe ulijuaje ni moyo?"

Naye alitabasamu nusu, akatazama saa kama mtu aliyechelewa, akaenda zake. Hakuwa amechelewa popote. Swali lile alikuwa na jibu lake kamili, na jibu lenyewe lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Jepleting alikuwa mwaka wa nne chuoni, akisomea digrii ya sayansi ya mazoezi. Watu wakisikia hivyo, halafu wasikie na jina lake la Kikalenjin, hukata kauli papo hapo kwamba ni mkimbiaji. Kwao Kuresoi, baba yake bado alikuwa akiwaambia majirani kwamba msichana anajiandaa, wasubiri tu, watamwona kwenye televisheni. Ukweli ni kwamba Jepleting hakimbii hata akinyeshewa. Alichopenda ni kujua kwa nini mwili huchoka: kwa nini moyo wa mkulima wa viazi hupiga polepole kuliko wa karani, na kwa nini mtu akikaa kutwa miguu yake huwa mizito kama ya kukopa. Angeweza kukueleza habari za moyo mpaka chai yako ipoe, na wewe usione haja ya kuinuka.

Utafiti wake wa kumalizia digrii ulihusu hao hao wanaokaa kutwa: mafundi cherehani, wauza simu, kina mama wa duka. Alitaka thelathini. Kipimo chenyewe hakikuwa na maajabu. Kulikuwa na sanduku la mbao la kimo cha sentimita thelathini, alilotengenezewa na seremala. Mtu alipanda na kushuka kwa dakika tatu akifuata mlio wa simu, halafu akaketi na kuhesabiwa mapigo ya moyo. Basi.

Ila kabla ya sanduku kulikuwa na fomu. Maswali saba, kila moja na vijisanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Ukijibu Ndiyo hata mara moja, hupandi. Unaandikiwa barua uende ukaonwe na daktari kwanza. Dkt. Wangui, msimamizi wake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika mpaka uwanjani, aliwaimbia jambo hilo tangu mwaka wa kwanza. "Hiyo fomu ndiyo breki yenu. Mimi sitaki kusikia mmepoteza mtu kwa sababu ya alama."

Darasani waliitikia. Mtaani walikuwa na mtindo wao. Mwenye duka ana wateja wawili mlangoni, hana subira ya kusomewa maswali saba. Kwa hivyo mwanafunzi huuliza swali moja la jumla, "Uko sawa, boss?", na boss akisema yuko fiti, kalamu inateremka kwenye mstari wa Hapana, vyaa, vyaa, vyaa, mpaka chini. Waliuita mtindo huo kushuka na lifti. Hakuna aliyekuwa ameona ubaya wake, maana hakuna aliyekuwa ameanguka.

Jumanne hiyo Jepleting alikuwa na watu ishirini na tisa. Wa thelathini, mwuza mitumba, alikuwa ameghairi asubuhi hiyo akisema sanduku litamchania buibui. Na takwimu zilitakiwa mezani kwa Dkt. Wangui Jumatano saa mbili.

"Chukua yule buda wako wa cherehani," alisema Ndung'u, mwanafunzi mwenzake aliyekuja kumsaidia kushika saa. "Si mko tight?"

Kweli walikuwa tight, marafiki wa kutaniana kila siku. Mzee Muhidin alikuwa na cherehani yake kwenye baraza hatua ishirini kutoka chumba alichopanga Jepleting. Babu yake alitoka pwani enzi za kujengwa reli, akabaki Nakuru, na yeye mwenyewe pwani alikuwa ameiona mara mbili tu. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na ulimi wa miaka ishirini.

"Daktari wa miguu!" alimpokea. "Miaka minne mzazi anauza viazi ili ufundishwe kuruka kamba?"

"Na wewe mzee, cherehani imekufundisha kukaa kwa miaka arobaini. Hatujakuona ukigraduate."

"Nitapanda hicho kisanduku chako nikupungie mkono kama waziri."

Sasa, Mzee Muhidin hangeweza kushushwa na lifti. Jepleting alimpenda mno. Alimkalisha, akamsomea swali moja moja, kama alivyofundishwa. Swali la kwanza, hapana. Swali la pili: je, huwa unasikia maumivu au kubanwa kifuani unapofanya kazi ya nguvu?

"Kifua?" Mzee alivua miwani, akaiweka juu ya cherehani. "Hicho kinanibana, kwa nini nidanganye? Tangu Desemba. Jioni nikiingiza hii mashine ndani. Kinabana hapa, halafu kinateremka na mkono huu wa kushoto. Nikisimama kidogo kinaniachilia. Lakini hiyo ni gesi, mama. Nikipata soda nikibeua, imekwisha."

Kalamu ya Jepleting ilikuwa juu ya Ndiyo. Haikuwa mbali, ilikuwa inakaribia kugusa karatasi. Alikuwa amesoma maneno hayo hayo kitabuni, karibu kwa mpangilio huo huo: kifua, mkono wa kushoto, kusimama, kuachilia. Mtihani wa mwaka wa tatu ulikuwa nayo na aliyapata yote.

"Jep," Ndung'u alisema, akinyoosha kidole juu. Upande wa mlima Menengai mawingu yalikuwa yameshaanza kukunja uso. "Mvua hiyo. Tufanye chapchap."

Jepleting akamgeukia mzee. "Ni gesi tu, sivyo, mzee?"

"Gesi tu."

Akatia alama kwenye Hapana.

Hapo ndipo alipokuwa akirudi kila mara tangu siku ile. Hakurudi kwenye kuanguka. Alirudi kwenye "sivyo, mzee?" Alikuwa ameuliza kama mtu anayenunua kitu, akimwekea muuzaji bei mdomoni. Mzee akatia sahihi chini bila kurudisha miwani.

Dakika ya kwanza alipanda akiwapungia watu mkono kama waziri, kama alivyoahidi. Baraza zima lilicheka. Dakika ya pili aliacha kupunga, kisha akaacha kuongea. Mtu yeyote aliyemjua Mzee Muhidin alipaswa kushtuka hapo.

"Mzee!" Jepleting alimpigia kelele, kwa utani. "Umeshindwa na kisanduku?"

Mzee akacheka kwa pumzi iliyobaki, akapanda tena mara nne. Mara ya tano alishuka, akaketi chini polepole, kama mtu anayetafuta sindano iliyomwanguka, uso umegeuka rangi ya jivu na jasho linamtiririka.

Umati ulikusanyika na kila mtu na dawa yake. Mmoja alileta kitunguu anuse. Mwingine alivua kiatu, huyo alikuwa ameamua ni kifafa. Mama mmoja alifika na maziwa. Jepleting alikuwa tayari ameshapiga magoti. "Hakuna kumpa maziwa! Hakuna kumlaza! Ni moyo! Ndung'u, kimbia chemist, aspirini, mwambie ni ya kutafuna!" Alimkalisha mzee akiegemea ukuta, akamlegeza shati, akamtafunisha kidonge, akasimamisha pikapu ya mwuza kuku, wakaondoka na mzee katikati ya matenga.

Hospitalini daktari aliwaambia watu waliofuata: aliyefanya haya ndiye mmshukuru. Nao wakamshukuru. Waliomuuliza alijuaje hawakungoja jibu, wala hawakushangaa kwamba msichana wa chuo alijua ni moyo kabla mzee hajagusa chini.

Alijua kwa sababu alikuwa ameambiwa.

Ijumaa Dkt. Wangui alimwita ofisini. Alikuwa ametabasamu, jambo ambalo kwa wanafunzi wake lilitisha kuliko akinuna.

"Nimekuandikia barua ya pongezi. Itasomwa mbele ya kitivo. Miaka kumi na minne ninafundisha huduma ya kwanza, hii ndiyo mara ya kwanza naona imeingia kichwani mwa mtu." Alimsogezea kiti. "Lakini niambie, ulijuaje upesi hivyo?"

"Nilimwona tu, Daktari. Rangi. Jasho."

"Vizuri sana. Nilipita wodini jana, nikampelekea mkewe nakala ya fomu aliyosaini mzee. Unajua watu, kesho wataambiwa na mwanasheria fulani kwamba chuo kilimpandisha mgonjwa kwenye sanduku. Nikawaonyesha: mtu wetu aliuliza, mzee wenu akasema hapana."

Jepleting alisema asante.

Nje alimkuta Ndung'u akimngoja kando ya vyuma vya mazoezi, akila ndizi.

"Ndung'u, ulisikia mzee akisema kifua kinambana?"

Ndung'u alitafuna taratibu. "Mimi nilikuwa naangalia mawingu."

"Ulisikia."

"Jep, buda yuko hai. Yuko hai na ni wewe ulimfanya akawa hai. Ukimwaga hii stori sasa, utagraduate siku moja na wajukuu wako. Unamsaidia nani?"

Alitaka sana Ndung'u awe amesema ukweli.

Jumamosi mchana alikwenda hospitali. Alikuwa ameahirisha siku tatu kwa visingizio vizuri vizuri. Bi. Mastura, mke wa mzee, alimwona toka mlangoni, akaja akamshika kwa mikono miwili, akamkumbatia mbele ya wodi nzima. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye harufu ya iliki, na alimkalisha kitandani pembeni ya miguu ya mumewe kama mtoto aliyerudi kutoka safari.

"Kula kwanza. Nimeleta mahamri na mbaazi. Huyu hapewi, amewekewa chakula cha sungura."

Mzee Muhidin alikuwa amepungua kwa siku nne. Ulimi tu ndio haujapungua. "Daktari wa miguu. Umekuja kuona kazi ya mikono yako?"

Alikuwa akitania. Jepleting alimeza hamri bila kutafuna.

"Wewe nyamaza," Bi. Mastura alimwambia mumewe. "Usimtazame hata usoni. Mwanamke wa chuo alikuja hapa Alhamisi na karatasi. Mtoto wa watu amekuuliza vizuri, kifua chako kikoje, unaandika hapana! Umesaini! Mtu mzima wa miaka sitini unamdanganya mtoto, nusura ufie mikononi mwake aitwe muuaji! Ungekufa ningemwambia nini mama yake?"

Jepleting alimtazama mzee. Mzee alikuwa akiangalia dirisha.

"Nilikosea, Mastura," alisema kwa upole.

"Ulikosea! Siku mbili sasa ndilo neno lake hilo." Bi. Mastura alichukua chupa ya chai. "Nakwenda kutafuta maji moto. Mlinde asitoroke."

Alipotoka, mzee aligeuka haraka kuliko mgonjwa anavyoruhusiwa.

"Sikiliza, mama. Hii kesi nimeimaliza. Mke nimemwambia nilidanganya, daktari nimemwambia sijawahi kusikia chochote kifuani maishani mwangu, ile ilikuwa ya kwanza. Maneno yafanane na karatasi. Wewe maliza shule yako."

"Umemwambia daktari hivyo?"

"Na ni vizuri kwetu sote. Anasema kama ilikuwa ya kwanza, Jumatatu ninarudi nyumbani na dawa. Kama ilikuwa ikija na kwenda tangu zamani, basi lazima Nairobi, wanitie waya kwenye mishipa. Waya, mama! Kupitia hapa pajani, unafika moyoni. Mimi mtu wa kutia uzi kwenye sindano, sitaki kuwa sindano."

Alicheka mwenyewe. Jepleting hakucheka. Alikuwa amesoma habari za hiyo waya. Alikuwa amesoma pia kinachompata mtu ambaye mshipa wake umebaki na upenyo wa unywele, akapewa dawa za wiki mbili, akarudi jioni kuingiza cherehani ndani. Mzee alikuwa amelala pale akimlindia digrii kwa moyo wake mwenyewe, na alifurahi kama mtu aliyemnunulia mtoto viatu.

"Mzee, usifanye hivyo."

"Nimeshafanya."

Bi. Mastura alirudi, na nyuma yake daktari wa wodi, kijana mrefu mwenye macho ya kukosa usingizi, faili kwapani.

"Daktari, huyu ndiye," Bi. Mastura alisema, akimwonyesha kwa mkono wenye chupa. "Huyu ndiye alimtafunisha kile kidonge."

"Oh, ni wewe?" Daktari alimpa mkono. "Kazi safi. Wengi wetu tungedhani sukari imeshuka. Ulijuaje?"

Alikuwa ameulizwa na fundi viatu, na mama wa vibanzi, na bodaboda, na Dkt. Wangui. Kila mara alikuwa ameona mlango wa kutokea. Sasa aliangalia, kulikuwa na kitanda, ukuta, na Bi. Mastura aliyekuwa akitabasamu akingoja kusikia sifa.

"Alikuwa ameniambia," Jepleting alisema.

"Nani?"

"Mzee. Kabla hajapanda. Nilimuuliza kama kifua humbana, akasema ndiyo. Tangu Desemba. Mimi ndiye niliandika hapana."

"Usimsikilize," mzee alisema. "Mtoto amechoka."

"Kinambana jioni akiingiza cherehani ndani. Kinateremka na mkono wa kushoto. Akisimama kinaachilia." Sauti ilikuwa ikitoka kavu, kama mtu anayesoma. "Alisema ni gesi. Nilijua si gesi. Nilikuwa nimebakisha mtu mmoja."

Daktari alikuwa ameshafungua faili. Hakumtazama tena Jepleting. Alikuwa na kazi. "Mzee, tangu Desemba? Mara ngapi kwa wiki?"

Mzee Muhidin alifumba macho. "Nilikuwa nimemaliza hii kesi," alisema. "Nani amekutuma wewe?"

"Mara ngapi, mzee?"

Mzee akajibu kwa sauti ndogo: "Sasa karibu kila siku."

Daktari aliandika mistari mingi. Alisema mzee hataondoka Jumatatu, na kwamba angepiga simu Nairobi jioni hiyo hiyo kutafuta nafasi. Akaenda kitanda kingine.

Bi. Mastura alikuwa bado ameshika chupa. Aliiweka chini. Alichukua sahani ya mahamri kutoka mapajani mwa Jepleting, si kwa nguvu, akaifunika kwa kitambaa.

"Nimekulisha," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Siku nne nimekuombea kwa jina. Nilimwuliza fundi viatu unaitwa nani hasa, nisikosee kulitamka."

Jepleting alikuwa na maneno ya kuomba msamaha. Alikuwa ameyapanga njia nzima kutoka Bondeni. Mbele ya uso ule yalionekana kama kitu cha kumwomba tena mama huyu, juu ya vyote alivyokwisha kutoa.

"Toka kwanza," Bi. Mastura alisema. "Sijasema usirudi. Sijasema urudi. Toka kwanza, nimwangalie huyu mume wangu."

Alipofika mlangoni alisikia kilio cha mtu mzima anayejizuia, kisha sauti ya mzee ikisema, "Mastura, Mastura, si niko hapa."

Jumatatu saa mbili alikuwa mlangoni kwa Dkt. Wangui kabla hajafungua. Alimweleza akiwa amesimama. Barua ya pongezi ilikuwa pale mezani, imeshapigwa muhuri. Dkt. Wangui alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na sauti ile ya kufika uwanjani haikusikika kabisa.

"Utafiti huu umekufa, unajua hilo," alisema hatimaye. "Na kamati ya nidhamu itakuita. Mwaka huu humalizi. Kama utamaliza mwakani, mimi sijui, si mimi peke yangu nitakayeamua. Nami nitarudi wodini kuomba ile karatasi yangu, nimtazame yule mama." Alisugua macho. "Ulifanya vizuri kusema. Sikupongezi. Nakuambia tu."

"Ndiyo, Daktari."

"Na hawa wengine ishirini na tisa?"

Jepleting alitazama muhuri wa barua ile.

"Jepleting. Wangapi uliwauliza maswali yote saba?"

Alikuwa hajawahi kuhesabu. Aliwahesabu pale, mmoja mmoja, kwa nyuso zao: mwuza simu, mama wa duka la dawa za mifugo, yule kaka wa kuchapa karatasi. "Kumi na mmoja," alisema.

Dkt. Wangui alifungua droo, akatoa rundo la fomu mpya, akalisukuma mezani. Kisha akasukuma na simu ya ofisi.

Kati ya wale kumi na wanane walioshushwa na lifti, nambari ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya Zeddy, mwuza viazi wa soko la jumla, mwanaume wa miaka hamsini na kifua kama pipa, anayekaa kutwa kibandani ila lori likifika. Wakati ule alikuwa amemwuliza jambo moja tu: uko sawa, boss? Simu iliita mara nyingi. Alipopokea kulikuwa na kelele za malori na mtu aliyekuwa akihesabu magunia.

"Nani? Chuo? Madam, nipigie baadaye, nina gunia mgongoni."

"Liweke chini, boss. Nina maswali saba."

"Si uliniuliza yote siku ile?"

"Hapana," Jepleting alisema. "Sikukuuliza. Liweke chini tafadhali, nitangoja."

Alisikia kishindo cha gunia likitua, na mtu akihema, akihema kwa muda mrefu. Alisogeza fomu karibu, akasubiri pumzi zile ziishe.